Kipofu Aliyeuona Moto

Biryogo, Kigali

Dada Zainabu,

Shikamoo. Goti la mama linaendeleaje? Na wanao, surua imewaacha? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka. Nimefukuzwa kazi ya ualimu, na nataka uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa wasafiri.

Niliandika hadithi katika gazeti dogo la shule: mtaa unaungua, na kipofu ndiye peke yake anayeuona moto. Faustini, mwalimu wa Kifaransa niliyekuwa nakula naye sahani moja, akaniuliza, "Kipofu anaonaje? Si ungesema wazi tu?"

Nikamweleza kwa raha, kama mpumbavu. Nikasema huo ni ukweli kinzani. Sentensi inajipinga yenyewe, msomaji anaikataa, anairudia, kisha anagundua mwenyewe kwamba ni kweli. Ukimwambia wazi atasahau. Akigundua mwenyewe, hakuna wa kumnyang'anya.

"Na wenye macho wasioona ni akina nani?"

Nikacheka. "Wakubwa. Vita viko mpakani, nao wanatuambia tutulie."

Tulikuwa wawili tu, dada, mlango umefungwa.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisi moja ya usalama huko Kiyovu. Bwana mmoja mpole akanisomea maneno yangu yale yale kutoka kwenye karatasi. Mwandiko niliujua; nimesahihisha mitihani pamoja na mwenye mkono ule miaka mitatu.

"Mwalimu, wenye macho iko nani?"

Nikajibu ni hadithi ya kuchekesha watoto. Niliikana kazi yangu mwenyewe. Walinishikilia siku mbili. Nilipotoka, mkuu wa shule alikuwa ameshampa mtu mwingine darasa langu.

Faustini akaja na mkate. "Ndugu yangu, mimi nilikuokoa. Wao walidhani moto iko bunduki, kwamba unasaidia wale wa mpakani. Nikawaandikia maana yake, wajue iko maneno tu."

Huenda ni kweli. Hilo ndilo linaniuma zaidi, kwamba aliyeniuza huenda ndiye aliyeniokoa. Lakini nilipomuuliza mbona hakunionya, alinisogezea mkate. Nikamrudishia mkate wake.

Sasa nashona vifungo kwa fundi mmoja hapa mtaani. Mama usimwambie.

Nisalimie shemeji, shangazi muuza dagaa, na binamu yetu wa madrasa.

Jana nilipata sentensi nzuri, dada, nikainuka kwenda kumsomea Faustini. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwake ndipo nikakumbuka.

Mdogo wako akupendaye,
Hamisi