Nilichokuambia Kuhusu Ile Fomu

Mama,

Nimeianza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokua nacho nyumbani: wewe binti wa Kikuria kutoka Kehancha, Baba Mjaluo wa Sindo, na kila mmoja akikataa katakata kujifunza zaidi ya matusi ya lugha ya mwenzake.

Nikupe habari kwanza. Mke wa Omondi amejifungua msichana. Kaka yangu amempa jina lako, Robi, na huyo mtoto ana hasira zako zote. Kuku wako wa madoadoa bado anataga kwenye kitanda chako na hakuna anayethubutu kumfukuza. Saluni yangu hapa Oyugis ipo. Habari zake nitazifikia.

Baada ya matanga yako, ile sacco yenu ya akiba na mikopo, ya wauza dagaa wa omena, ilinipigia simu. Wakasema uliandika jina langu niwe mrithi wako. Si Omondi, mimi. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikawauliza jina tena. Ili nichukue nafasi yako ilibidi nisome siku tatu pamoja na wanachama wapya, pale kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu alikuwa msichana kutoka Homa Bay, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nikavaa viatu virefu nikakaa mbele kabisa. Si ndimi yule wa kwanza kumaliza Form Four katika nyumba yetu?

Siku ya kwanza akauliza nani anaweza kutaja faida yake ya jana. Nikanyoosha mkono. Nikataja pesa zote zilizokuwa kwenye droo nilipofunga duka. Akaniuliza kwa upole sana: rasta za kusukia umenunua kwa pesa gani? Mafuta je? Kodi? Stima? Yule msichana unayemlipa akusaidie kusuka? Alipomaliza kutoa kimoja kimoja ubaoni, sikubakiwa na hata nauli. Mama Pamela, mwenyekiti wenu, alicheka mpaka akajipangusa macho na leso. "Woi, Adhiambo, kumbe unakula mtaji!" Miaka sita, Mama. Nilikuwa nakula mtaji nikiuita faida, halafu kila Januari nakupigia simu unisaidie kodi. Nawe ulituma. Ulikuwa unasema tu, "Najua saluni ni ngumu."

Aibu hiyo niliiweza. Nilicheka na wenzangu, nikaandika maneno yote kwenye daftari kama mtoto wa darasa la kwanza: mtaji, faida, riba, akiba.

Siku ya pili akaandika ubaoni MDHAMINI. Akasema, "Mdhamini si rafiki wa kukusindikiza. Ni yule atalipa wewe ukishindwa, na pesa inatoka kwa akiba yake." Kalamu yangu ikasimama hapo hapo.

Unaikumbuka ile Jumamosi mliyokuja saluni, wewe na Mama Awino, mwenzako wa sokoni? Fomu ulikuwa umeikunja ukaiweka kifuani isilowe jasho la safari. Mama Awino alikuwa anaomba mkopo wa kununua magunia ya omena, nawe ulikuwa umeandikwa pale chini kama mdhamini. Nilikuwa nimesuka kichwa cha mtu nusu. Nikapangusa mikono, nikaishika ile karatasi kama hakimu. Na neno lile sikulijua, Mama. Nilikuwa nimelisikia, naam, kwenye redio, kila mahali. Lakini linamfanya nini mtu anayetia sahihi, hilo sikulijua. Mlikuwa mnaniangalia mdomo, nyinyi wawili, na mteja wangu kwenye kioo naye anasikiliza. Ningesema tu, sijui, ngoja niulize. Maneno matatu.

Nikasema, "Ni kama shahidi tu, Mama. Unasema unamjua."

"Kumjua, namjua," ukajibu, mkacheka wote wawili. Ukaandika zile herufi nne nilizokufundisha, polepole, ulimi nje. Chini kulikuwa na aya ya maandishi madogo. Sikuisoma. Mama Awino akasema kusoma ni kitu kizuri sana, na mimi, Mungu anisamehe, nikazipokea zile sifa. Nikawanunulia soda.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mvua ya wiki nzima, omena imeanikwa kwenye nyavu, yote ikaoza, ikauzwa kwa bei ya kutupa iwe chakula cha kuku. Mama Awino hakuwa na cha kulipa. Sacco ikachukua akiba yako, ile ya kununulia mabati ya nyumba. Omondi akatangaza kwamba yule mwanamke amekula pesa za mama yetu, na kwamba asikanyage nyumbani tena. Mwanamke aliyekupokea ulipokuja kuolewa hujui neno hata moja la Kijaluo! Wenzake walikuita mgeni, yeye akakuonyesha jinsi ya kutofautisha omena iliyoanikwa mchangani na ile ya kwenye nyavu, akakukatia nusu ya meza yake sokoni.

Nami nikanyamaza. Sitajitetea kwamba sikujua kosa ni la nani. Sikujua yote, lakini nilijua vya kutosha kunyamaza.

Siku ya mazishi yako alikuja. Alianza kulia akiwa bado barabarani, leso kiunoni, na pakiti mbili za sukari mkononi. Omondi akamzuia langoni. "Mwizi hawezi kulia hapa." Nilikuwa napita na sahani. Nilisikia kila neno, Mama, na nikaendelea kubeba sahani.

Wakati wa chai siku hiyo ya pili, Mama Pamela alikaa karibu nami. Akaniambia kwamba pesa zilipokatwa, afisa alikuuliza ni nani aliyekueleza ile fomu. Ukasema ulielewa mwenyewe, kila kitu. Alipokuuliza tena ukamkatiza: "Msiite mtoto wangu hapa." Mama Pamela alinisimulia hayo kama sifa zako, jinsi ulivyokuwa jasiri. Hakujua ananipa nini. Nilienda nikajifungia chooni, nikalia nikiwa nimeuma mkono nisisikike.

Ulijua. Ulijua, na bado ukaandika jina langu.

Siku ya tatu tulipomaliza, sikupanda gari kurudi Oyugis. Nilienda kwa Mama Awino. Nilimkuta mlangoni akichambua mawe kwenye omena ya wenyewe. Siku hizi anachambulia watu kwa malipo. Nikamwambia yote nimesimama, kwa sababu sikuona haki ya kuomba kiti. Neno nililobahatisha, maandishi madogo, lango, sahani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Ningeyapokea.

Hakutukana. Alitupa jiwe moja pembeni, kisha akaniuliza jambo moja tu:

"Mlimvalisha nguo gani?"

Nikamwambia: lile gauni la zambarau la kanisa.

"Na kwa kichwa?"

Kitambaa cheupe, nikasema.

Akatikisa kichwa. "Robi hakupenda nyeupe." Hapo ndipo alipolia, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu. Sikujua hilo, Mama. Mwanao wa kukuzaa, na sikujua.

Jumapili hii Omondi na wenzake wanakuja kusakafia kaburi lako. Mama Awino nimemwomba aje, amekubali, na atakaa ndani, kwenye kiti chenye mgongo, cha wageni wa heshima. Kabla chai haijamiminwa nitasimama. Nitawaambia mdhamini ni nani, ni nani aliyesoma fomu, na ni nani aliyenyamaza wakati mwanamke asiye na kosa anaitwa mwizi. Omondi akitaka kunifukuza, anifukuze mimi. Kisha nitaanza kumlipa Mama Awino kidogo kidogo, kutoka kwenye faida, ile ya kweli, hata kama itachukua miaka.

Lala salama, Mama. Jumapili hutanifunikia kosa langu tena.

Ni mimi niliyekudanganya,
Adhiambo