Wafu Wetu wa Kabiria

Jumamosi, 11 Oktoba
Zamu ya jumuiya yetu kupalilia makaburi ya parokia. Tumetokea wanne. Wengine visingizio, kama kawaida yao. Kaburi la Boniface, mume wangu, nimeling'olea magugu mwenyewe. Mgongo unauma. Uji ulikuwa mtamu, umbea mtamu zaidi.

Jumapili, 12 Oktoba
Padre ametangaza baada ya misa, haraka haraka, kati ya harusi na mazoezi ya kwaya. Shamba la makaburi limeuzwa. Wafu watafukuliwa kabla ya mwezi kuisha. Mwenye mtu wake amchukue ampeleke kwao. Watakaobaki watazikwa pamoja, shimo moja, kando ya ukuta wa kanisa.
Halafu kwaya ikaimba. Aki watu wana roho ngumu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimemwendea aliyeuza, mjukuu wa mzee aliyetupa mahali hapo. Babu yake alikuwa Mkikuyu wa hapa hapa Kabiria, mkulima, mtu wa Mungu. Sisi watu wa magharibi ya Kenya tulikuwa tunapanga vyumba vyake. Fundi mmoja wa mawe akafa, kwao hakuna aliyekuja. Mzee akakata kipande nyuma ya kanisa, fundi akalazwa. Wakafuata watoto wachanga, wale hakuna anayewasafirisha. Halafu Korona, barabara zikafungwa, na watu wazima wakajaa. Boniface ni wa Korona. Hakuna aliyewekwa pale kwa kupenda. Kwetu mtu huzikwa nyumbani. Mjini ni kutupwa.
Mjukuu amenipa chai na mandazi, akamtaja babu yake. "Mathe, guka aliwapa mahali pa kuzika. Hakuwapa shamba."
Nilitaka kumrushia kikombe. Nikainywa chai yake.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimelia siku mbili, leo nimeacha. Labda ni Mungu anafungua njia. Miaka yote hii nimeona aibu kwamba Boni hayuko kwao. Sasa nitampeleka.
Nimeenda River Road, katikati ya Nairobi, nimenunua sanduku la bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Muuzaji akauliza mtoto anaenda shule gani. Nikasema ya mbali.

Ijumaa, 17 Oktoba
Sijui nianzie wapi. Nimempigia shemeji Protus, mdogo wake Boni, nimwambie tunakuja. Amejibu: "Shemeji, Boni tulishamzika."
Mwaka ule wa Korona. Walisikia wafu wa Nairobi wanafukiwa pamoja kama takataka, hawajulikani. Wazee wakakata mgomba, wakaufunga blanketi, wakaulilia, wakauzika bomani. Desturi hiyo naijua tangu utoto. Mtu akipotea, mwili usipatikane, unazikwa mgomba. Lakini Boni hakupotea! Alikuwa Kabiria. Nilimzika mimi, na msalaba nikasimamisha.
Hawakuniambia. Ati wasiniongezee uchungu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jumatatu, 20 Oktoba
Protus amepiga simu: wazee wa boma wamekaa. Wamekataa. Mtu hazikwi mara mbili. Ukifungua kaburi lake tena, linaita mwingine wa nyumba hiyo. Nikasema basi tuchimbe la pili, kando. Hilo ndilo baya zaidi. Nikasema nitakuja nipige magoti. Protus akasema nije, lakini sanduku nisije nalo.
Nawachukia. Na ningekuwa mzee wa boma, na nina watoto na wajukuu humo, ningekataa pia. Hilo ndilo linaniua.

Jumamosi, 25 Oktoba
Padre anasema nimwachie Mungu. Nimeulizia makaburi ya serikali. Yamejaa. La kuvunda halina ubani.

Alhamisi, 30 Oktoba
Wamechimba. Nilisimama hapo hapo nione. Tai yake ya buluu bado ilikuwa na rangi. Sanduku langu limekataliwa, shimo ni dogo, wote wawekwe kwenye magunia. Nikapiga nduru. Padre akanishika bega, nikautoa mkono wake.
Boni ameingia shimoni kati ya fundi wa mawe na watoto wa watu. Jioni trekta ilikuwa inasawazisha ardhi. Sikula.

Jumapili, 2 Novemba
Siku ya Wafu. Padre amesoma majina yote. La Boniface amelitamka vizuri.
Mchana Protus amepiga. Sauti ya upole, hata hasira sikuipata. Wamefagia kaburi la kaka yake, watoto wameweka maua. Akasema nisihangaike na mambo ya mbele. Upande wa kushoto wa kaburi hilo ni wangu, wameuacha, hakuna atakayeuchukua. Siku yangu ikifika watanifuata Nairobi, hata iweje. Mke hulala kando ya mumewe.
Nikasema asante, shemeji.
Ninajua watakuja. Ni watu wa kutimiza neno. Watanilaza kando ya mgomba, na Boni atabaki hapa.
Nimeanika nguo. Mvua haijanyesha.