Disketi Siitoi

Jumatatu, 13 Juni 2005

Sijawahi kumwambia mtu: mimi si mpole. Tukuyu nzima inasema, "Naima wa Bi Sauda fundi, mtoto mpole huyo!" Darasani sinyooshi mkono, dukani naitikia kwa kichwa. Wanadhani ni upole. Ni hasira! Imekaa kooni, haijui itokee wapi. Basi, nimeandika.

Likizo. Baridi, ukungu mpaka saa nne. Kaka Zuber kaniweka kwenye fotokopi ya dukani kwake. Kompyuta nisiguse — nitaharibu. Wanafunzi wake wa kuchapa wamekwama. Ile programu ya kujifunzia ilikuwa ya majaribio, muda wake umekwisha, inaonyesha kiboksi tu. Jana kashinda internet cafe Mbeya, kadownload nyingine ya bure. Kaileta kwenye disketi, kaishika kama yai.

Kabonyeza. Haikufunguka! Kabonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba kipanya ni kiziwi. "Wameniuzia mbuzi kwenye gunia hawa Wazungu!" Nikacheka, ila kwa ndani.

Jumatano, 15 Juni

Kapita Fred, yule anayefundisha kompyuta Mbeya. Kaichungulia, kasema si mbovu. Ni source code — maandishi yenyewe aliyoandika mtengenezaji. Pale kwenye mtandao kulikuwa na mbili, Kaka kachukua isiyo yenyewe. Ya pili ndiyo ya kuinstall, imeshatengenezwa tayari: unabonyeza next, next, umemaliza. Kaka akauliza, sasa hii ya nani?

"Ya watengenezaji. Sisi huku ni watumiaji, bro."

Wakacheka. Sisi huku! Nikasikia mtu anauliza, "Kwani ukibadilisha maandishi, na programu inabadilika?" Kumbe ni mimi! Fred akageuka kama vile fotokopi imeongea. Akajibu vizuri tu: ndiyo, ukiwa na kitu cha kuiendeshea. Hii imeandikwa kwa QBasic, lugha ya kompyuta. QBasic imo kwenye sidii ya Windows, kwenye folda la zamani, watu hawalifungui.

Kaka: "Naima, angalia, karatasi zimekwama."

Hazikuwa zimekwama.

Alhamisi, 16 Juni

Mama kanifundisha bila kujua. Mteja kaleta gauni la mtumba, zuri kweli, linambana nyonga. Mama kaligeuza ndani nje. Hakuna kitambaa cha akiba kwenye mshono, hakuna pa kulegezea. "Hili, mwanangu, livae lilivyo au uliache." Halafu kashusha kutoka kwenye msumari paterni zake, vielelezo vya kukatia nguo alivyovichora kwenye magazeti. Hizo anapanua, anapunguza, anashusha mkono anavyotaka.

Ndiyo hiyo! Ya kuinstall ni mtumba: unavaa leo leo, lakini imeshonewa mwili wa mtu mwingine. Source code ni paterni. Haivaliki — na Kaka Jumatatu alikuwa anajaribu kuvaa gazeti! — mpaka uwe na cherehani.

Mchana Kaka kaenda Mpuguso. Nikatafuta ile sidii, nikatafuta lile folda. Skrini ya bluu. PRINT, IF, THEN — Kiingereza cha shule ya msingi! Ndani ndani huko nikazikuta sentensi za mazoezi. Theluji inaanguka. Bwana fulani anasubiri treni. Theluji gani Tukuyu? Nikafuta. Nikaandika mvua imenyesha Suma, migomba imelala.

Ikakataa. Ikanionyesha mstari wenye kosa. Nimefuta alama ya kufungia sentensi! Nikairudisha. Ikakubali.

Nikaihifadhi kwenye disketi ile ile.

Ijumaa, 17 Juni

Kaka yuko msikitini. Elina wa Kawetele, mmoja wa wale wanafunzi wa kuchapa, kaja. Kaishia la saba, anataka ukarani, na Kaka anamwambia kila siku bila Kiingereza atasumbuka. Nikamkalisha kwenye programu yangu. Nimeongeza kitu: ukimaliza mstari bila kosa inaandika "Ndaga fijo!"

Elina kaziba mdomo. "Inanishukuru mimi? Mashine? Kwa Kinyakyusa?" Akarudia mstari ule ule ili ashukuriwe tena. Hakumtafuta mtu wa kumtafsiria. Anachapa!

Jumamosi, 18 Juni

Limelipuka. Elina, maskini, kamsifia Kaka kwa "programu yako ya Kinyakyusa". Kaka kanigeukia mimi. Sidii aliyoagiza kwa Fred imefika, ile ya kuinstall, nzuri, ina rangi na muziki. Na theluji. Kompyuta kaifuta yote kaanza upya. Asiyejua Kiingereza, kasema, asubiri kwanza — yaani Elina, Jumatatu asije. Halafu kanyoosha mkono: "Disketi ilete, niwekee barua za wateja."

Nakala ya programu yangu imebaki hiyo moja. Mfukoni mwangu.

"Siitoi."

Mbele ya wateja! "Umesemaje?"

"Siitoi, Kaka. Wewe umepata ya kuinstall, itumie. Hii aliyeiandika kaiacha wazi ili watu waifumue. Hakusema watu wa huku wasiifumue."

Mzee mmoja kwenye foleni kasema, "Eee! Kumbe anaongea!" Nikakimbia, ushungi umepinda.

Jumapili, 19 Juni

Mama: mpe kaka yako, yaishe. Nikamwuliza, wewe paterni zako ungempa mtu afungie maandazi? Cherehani ikasimama. Halafu kaendelea kushona.

Elina katoka kanisani moja kwa moja mpaka hapa. Yuko sebuleni, viatu kavua, kauliza kesho aje au asije. Nimemwambia aje. Kwa ruhusa ya nani? Yangu! Mungu wangu.

Geti. Ni Kaka, nakijua kikohozi chake. Anamwuliza Mama, yule yuko wapi? Cherehani imenyamaza tena. Sasa anaongea na Elina, sauti ya chini, simsikii — Elina kasema kitu kirefu! Elina!

Anakuja. Nimesukuma daftari chini ya mto, kwa mazoea tu. Nimelitoa. Disketi nimeiweka mezani, juu, aione. Simpi, lakini aione. Daftari pia, na liwe wazi. Kuficha nimechoka.

Viatu vimefika mlangoni, vimesimama.

Amegonga! Kaka Zuber, tangu nizaliwe, hajawahi kugonga mlango wangu! Naenda kumfungulia.