Meno ya Baba na Ukimya wa Ramiro

Los Algodones, Jumapili

Kwako dada yangu mpenzi Amparo,

Ni matumaini yangu barua hii itawakuta wazima huko Hermosillo, wewe, shemeji na binti yenu Jimena anayekaribia kutimiza miaka kumi na mitano. Mgongo wako umepata nafuu? Huku joto linatuunguza, lakini tunapumua. Baba anakula na anatembea. Hayo mengine yanayomhusu, dada, keti kwanza ndipo usome.

Unajua alivyoanguka jukwaani akapoteza meno mawili ya mbele. Bila meno hayo tarumbeta haishikiki mdomoni, na alikuwa amemwahidi Jimena kumpigia kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka hiyo. Mume wangu Ramiro akajitolea kumpandikizia mengine klinikini kwake, kama anavyowafanyia wageni wanaovuka mpaka kila siku kuja kutibiwa meno. Alimchomekea skrubu mbili kwenye mfupa wa taya, akamweleza kwamba mfupa unahitaji miezi kadhaa kuzishika, na kwamba moshi wa sigara hubana mishipa ya damu, ufizi usipone. Baba akatoa pakiti yake mfukoni akaitupa pipani mbele yetu. Nilimbusu kwa furaha.

Mwezi uliopita Ramiro alimketisha kitini ili amfungie meno yenyewe. Alipoigusa skrubu ya kwanza, ikazunguka. Ya pili ikatoka yote, bila hata kuvutwa, na mfupa uliokuwa umeizunguka ulikuwa umeliwa. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Baba alitoka akaenda moja kwa moja kwa kinyozi Cirilo, akatangaza kwamba mkwewe ni bure kabisa. Watu wakapata la kuchekea. Cirilo akawa akimwona Ramiro anapita anamwuliza, “Daktari, mavuno ya meno mwaka huu vipi?” Wagonjwa wakaanza kuhamia kliniki za jirani. Ramiro hakujibu lolote. Nyumbani nilimbana aniambie alikosea wapi. Akasema tu kwamba kazi nyingine hazishiki, akaendelea kula.

Sasa sikia. Ijumaa mchana nilipanda juu ya paa kuanua nguo. Nyuma ya tangi la maji nikamkuta Baba amechuchumaa, sigara mdomoni, na chini kopo la maharagwe limejaa vipisi hadi juu. Nikamwuliza, shuka mkononi, alianza lini tena. Akasema hakuwahi kuacha, hata wiki ile ya kushonwa ufizi.

Nikageuka nishuke nikamwambie Ramiro. Baba akanishika sketi.

“Ramiro anajua, mwanangu. Alinigundua nilipokwenda kutolewa nyuzi. Alinigombeza sana, nami nikamwomba asikuambie.”

Dada, nilikaa chini pale pale kwenye zege la moto. Mtu anachekwa na mji mzima, mkewe anamshuku mezani kwake, na neno moja lingemsafisha!

Jioni nilimwuliza Ramiro kwa nini alinyamaza. Hakuinua sauti.

“Alikuwa mgonjwa wangu, Fidelia. Siri ya mgonjwa si yangu kuitoa, hata akinitukana.”

Nadhani Baba alitusikia, kwa sababu jana asubuhi alivaa shati la kanisani akaenda kwa Cirilo, kiti kikiwa kimejaa na benchi limejaa. Ramiro mwenyewe alikuwa anapita nje, ndiye aliyenisimulia. Baba alifungua mdomo, akawaonyesha pengo, akasema, “Hili nimejifanyia mwenyewe, kwa sigara. Mkwe wangu alinikataza.” Cirilo alizima mashine ya kunyolea. Hakuna aliyecheka.

Ramiro anasema mfupa unaweza kuongezwa na kazi ikaanza upya, ila Baba aache sigara kweli. Kwa vyovyote, sherehe itapita kabla hajapona. Nilimtaka Baba aahidi. Akakataa.

“Siahidi. Safari ile niliahidi. Safari hii nitajaribu, nanyi mtaniangalia.”

Leo hajavuta bado. Ameniomba nikuandikie mimi, kwani yeye anaona aibu, nikuulize kama Jimena atakubali aje bila tarumbeta, aketi tu na watu wengine.

Mjibu Baba mwenyewe, si mimi. Msalimie shemeji, mbusu Jimena, na Mungu awatunze hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fidelia