Uliita, Hawakugeuka

Waya, shangazi yangu,

Serikali imekifunga chuo tena kwa sababu ya migomo yetu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira za nchi nzima, nikakuta hasira iliyo yangu peke yangu. Hukuuawa na nyoka. Uliuawa na hadithi.

Nimemsikia Auma, mwenzako wa miaka yote ya kubeba omena, dagaa wa ziwani, akilieleza jambo hilo sokoni Magunga bila haya. Mlikuwa mkivuka bonde la Lambwe kwa miguu kwenda Homa Bay, nawe nyuma ya msafara kama kawaida yako. Mlipofika kwenye maboma yaliyohamwa enzi za ugonjwa wa malale, palipobaki minyaa na mawe ya kusagia, ukasimama kukaza ngata. Swila akakuuma. Ukaita, "Auma! Auma, ningoje!" Nao wakakaza mwendo, kwa kuwa pale anayekuita kutoka nyuma ni mfu wa malale atafutaye mwenzi, na ukigeuka umekwisha.

"Tulisikia," asema Auma, "lakini tungejuaje kama ni yeye?"

Tungejuaje! Sauti iliyowaamsha kila alfajiri ya soko, hawakuitambua? Mchunga ng'ombe ndiye aliyekukuta, umeshapoa.

Na nani aliyewafunza? Wewe, Waya! Hilo ndilo linaloniunguza. Wewe uliyetusimulia habari za mwanamke anayemwogesha mtoto kwenye kijito kikavu, na kengele za ng'ombe wasioonekana, kisha ukacheka tulipogombania kulala katikati ya mkeka. "Sikio lisikie, shingo isigeuke." Nilizipenda hadithi hizo. Leo ningezichoma moto.

Sasa wanasema anayeita pale ni wewe. Kila apitaye hutupa jani la kukutuliza na kutimua mbio. Wewe, uliyegawa maji yako kwa kila msafiri, umekuwa kitisho cha watoto! Nimewauliza wazee: tungezoea kuitikiana, angekufa? Wakajibu kwamba chuo kikuu kimeniharibu. Basi na kiniharibu!

Juzi nilijitwika omena nikaenda na akina Auma, nikashika nafasi yako ya nyuma. Kwenye minyaa nikamwita Auma. Nikamwita tena, nikamtaja na mama yake. Wakakimbia, omena zikimwagika, wakinilaani kwa Kijaluo chote wanachokijua. Niliita hadi koo likakauka. Ng'ambo ya korongo Auma akasimama. Hakugeuza shingo, lakini alisimama, akasema akiwa amenipa mgongo, "Mtoto wewe, kama ni wewe kweli, njoo upesi!"

Hiyo haitoshi. Ninakuahidi: kila siku ya soko, mpaka chuo kifunguliwe, nitatembea nyuma yao nikiwaita mmoja mmoja kwa majina. Na wanilaani, wanikimbie, waninyime maji njiani, nitawaita.

Kwaheri, Waya. Hasira yangu kwako sijaimaliza, wala sitaki iishe kabla Auma hajageuka.

Mtoto wa kaka yako.