Pasha Bati, Usipashe Risasi

Baba, kigari cha Mwajuma kimekwenda! Kimekwenda, kimekata kona, kimerudi, na hakuna mkono uliokigusa! Shikamoo, baba yangu. Furaha imeitangulia salamu.

Mwajuma ni yule mjukuu uliyemwacha bado ananyonya. Sasa yuko kidato cha pili hapa Kibaha, na kwa akili nani anamfikia? Mwalimu wao aliwapa kigari kibovu cha ng'ambo, kinachoongozwa kwa redio. Atakayekitengeneza ndiye atakayekiendesha mbele ya wazazi siku ya maonyesho. Wavulana wakamcheka: "We kapike maandazi!"

Betri yake ilikuwa imekufa, akakiunga na ya pikipiki kwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Hakijafika hatua tatu, waya ukafuka moshi, kiungo kikabanduka. Akarudi nyumbani analia.

"Futa machozi," nikamwambia. "Mama yako ni mtoto wa fundi vibatari."

Nikakuona tena akilini pale Kisarawe, mimi navukuta moto, wewe unanigombeza: "Pasha bati, mwanangu, usipashe risasi! Risasi itafuata yenyewe." Darasa la nne nililoishia halikunipa neno kama hilo.

Nikaenda dukani. "Nataka risasi." Muuzaji, mgeni wa juzi, akarudi nyuma.

"Mama! Za bunduki?"

"Za kulehemu, we baba! Ningekuwa na bunduki ningepanga foleni?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, lakini risasi nikatoka nayo. Waya mnene nikakatiwa na fundi wa magari.

Chuma chako cha kulehemu ninacho mpaka leo, tukakichomeka kwenye mkaa. Mwajuma akayeyusha risasi kwanza, akaidondosha juu ya kishikizo cha betri, pale waya unapoungwa. Ikakaa kidonge, nikaibandua kwa kucha.

"Pasha kishikizo, mwanangu, usipashe risasi!"

Baba, sauti ilikuwa yako. Akapasha, akagusisha, risasi ikatambaa kama samli. Nikauvuta ule waya kwa nguvu zangu zote za jembe. Ng'o! Nikalia, na mtoto akadhani nimeungua. Siku tuliyokuzika sikupata nafasi ya kulia, wageni walikuwa wengi.

Sasa wavulana wanasema kitazimika mbele za watu. Hakizimiki. Kiungo kikilegea, tutalehemu tena palepale, jiko nitalibeba mwenyewe. Shangazi wa Vihingo, mashemeji wa Visiga, na hao wavulana na mama zao, wote nimewaita. Waje uwanja wa shule, saa nne asubuhi, Jumamosi.

Binti yako,
Mama Mwajuma