Mbegu za Vitunguu kwenye Kopo la Habasoda

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni fundi cherehani, naishi na wakwe zangu, na mama mkwe bila habasoda hawezi kuianza siku, anataka kijiko kimoja kilichotwangwa na kuchanganywa na asali kwa ajili ya kifua, mafuta yake apake magotini, na akibanwa na mafua anafunga punje kwenye kitambaa anazinusa mpaka apige chafya saba, sasa mwezi uliopita nikitafuta mkasi nikagonga kopo lake, habasoda yote ikaingia kwenye karai la maji ya sabuni, nikachanganyikiwa, nikaona mbegu za vitunguu ambazo baba mkwe alizianika dirishani kwa ajili ya bustani yake, nyeusi, ndogo, ukiziangalia ni habasoda tupu, nikajaza kopo. Kwa kuogopa kushikwa nikajitolea kumtwangia mwenyewe kila asubuhi na kumkanda magoti, na nikimkanda tunapiga soga, tunacheka mpaka machozi, na mama huyu aliyeniita "mke wa kijana wangu" miaka mitatu, sasa ananiita "mwanangu"! Majirani anawaambia magoti yamepona. Juzi alilamba kijiko akasema, "Habasoda ya siku hizi inanukia mchuzi," akatabasamu, "kesho niletee tena, mwanangu." Baba mkwe naye anamtukana kuku kwamba kala mbegu zake. Sijawahi kuwa na furaha kama hii nyumbani humu, na naogopa nikisema ukweli nitarudi kuwa mke wa kijana wake. Nifanyeje?

Ni mimi, Fundi Mwenye Hofu

Fundi,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, lakini usidhani umesamehewa. Umemlisha mama wa watu kitu asichokiomba, na bahati yako zilikuwa mbegu za bustanini. Za dukani nyingi hupakwa dawa ya wadudu, na leo tungekuwa tunaongea mengine.

Sasa tafuna punje moja ya habasoda halisi: chungu, inawasha ulimi. Kisha tafuna ya kitunguu. Umeonja? Mama mkwe wako amekula habasoda tangu hujazaliwa, unadhani hajui? Alijua tangu kijiko cha kwanza, dada yangu! Amemeza mbegu za vitunguu mwezi mzima bila kukunja uso, asije akakosa mtu wa kumkanda na kucheka naye.

Hata hivyo sema, tena leo. Nunua habasoda na mafuta yake, mwambie, "Mama, nilimwaga." Inatosha, usilielie. Watu wameitumia miaka mingi kwa kifua na viungo, ni sawa, ila kama ana vidonge vya presha au sukari aendelee navyo, na daktari aambiwe anachotumia. Mbegu zilizobaki mrudishie baba mkwe, na kuku umsafishie jina.

Mama atakucheka, tena sana. Usikimbilie chumbani. Tia mafuta mkononi uanze na goti la kushoto, kazi hiyo ni yako, wewe ni mwanawe.